MHURI WETU HAUAZIMWI

Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kilele cha miaka 10 ya kikundi



  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Tuwakumbuke pia wenzetu waliotutangulia mbele ya haki, tulioanza nao na leo hatunao.

Risala ameshaisoma Katibu, na hesabu mmezisikia kwa Mweka Hazina. Hatutazirudia. Sisi tumeomba nafasi ya kusema jambo moja tu, juu ya watoto wetu na kazi za ofisi. Na tunaposema "sisi" tunasema kwa niaba ya wote, kwa sababu kosa tutakalolieleza hapa hakulifanya mtu mmoja. Tulilifanya pamoja na tukaliwekea sahihi tatu.

WATOTO WALIOSOMA KWA HISA

Tulianza mwaka 2015, wanawake 23, kibarazani kwa mwenzetu mmoja kule Gerezani. Hisa moja shilingi 2,000. Wengi wetu ni wa darasa la saba, wale wa Elimu kwa Wote ya mwaka 1977. Kuna wanaouza vitenge Mtaa wa Kongo, kuna wa chai na chapati Mtaa wa Swahili, kuna waliokuwa na mboga kule Shimoni, na kuna wakala wa fedha za simu. Soko Kuu lilipoungua Julai 10, 2021, marejesho ya mikopo yalisimama na tukadhani kikundi kimekufa. Hakikufa.

Ukifungua daftari letu la mikopo utaona jambo moja. Mikopo mingi sababu yake ni ada. Ada ya sekondari, ada ya chuo, ada ya kompyuta. Watoto wetu wamesoma kwa hisa. Sasa mtoto amemaliza, vyeti viko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na kila jioni mama akirudi sokoni anamkuta amekaa. Hapo ndipo shetani anapopata nafasi ya kuzungumza na mama. Jamani, tunajua tunachosema.

KAZI YA OFISI ZAMANI NA SASA

Sisi tulipokuwa wasichana, kazi ya ofisi ilikuwa na picha moja. Dada amesuka vizuri, amekaa mbele ya taipureta, anapiga bila kutazama vidole. Waliosomea Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo kiko chini ya Chuo cha Utumishi wa Umma, walikuwa wanasifiwa mtaa mzima. Kuomba kazi ilikuwa barua ya mkono, "Yah: Maombi ya Kazi", bahasha na stempu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kazi za Serikali zinaombwa kwenye kompyuta kwa njia ya Ajira Portal, ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Yule tuliyekuwa tukimwita Katibu Mahsusi, matangazo sasa yanamwita Mwandishi Mwendesha Ofisi. Na sifa zake si za kubahatisha. Awe amemaliza kidato cha nne au cha sita, ana stashahada ya uhazili, amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja, na amejifunza programu za ofisi kama Word na Excel. Yuko pia Msaidizi wa Kumbukumbu, yule wa masjala, anayepanga majalada, kuyatafuta yanapohitajiwa na kuyarudisha mahali pake.

Makampuni binafsi nayo yanapokea maombi kwa barua pepe. Mtu mmoja anakaa na rundo la maombi kwa nafasi moja. Makampuni makubwa yana programu ya kompyuta inayochambua kabla ya binadamu, na inachotafuta ni maneno yale yale yaliyoandikwa kwenye tangazo. Tangazo likisema "utunzaji wa kumbukumbu" na wewe umeandika "nilikuwa nasaidia mambo ya ofisini", programu haikuoni, na hata binadamu mwenye haraka hakuoni. Kwa hiyo maneno yana kazi yake. Mtoto anayeomba kazi lazima asome tangazo kama tunavyosoma daftari la madeni, neno kwa neno.

Lakini hapo hapo ndipo tulipoanguka.

KISA CHETU WENYEWE

Ilikuwa mwaka 2019. Binti wa mwanachama mwenzetu alikuwa na cheti cha nne na cheti cha mwaka mmoja cha uhazili. Alikuwa akituandikia vitabu vya kikundi tangu 2017, kwa sababu macho ya Katibu wetu wa wakati ule yalikuwa yamechoka. Alikuwa na mwandiko mzuri, na hakuwahi kukosea jumla.

Ikatoka nafasi ya msimamizi wa ofisi katika kampuni moja ya kuagiza mizigo. Tangazo lilitaka uzoefu wa miaka mitatu, Excel, kusimamia watumishi, na mengine mengi. Binti akaenda steshenari. Kijana wa pale akamwambia, "Dada, hii ni rahisi." Akachukua maneno yote ya tangazo akayamwaga kwenye maelezo yake binafsi, yale wenyewe wanayaita CV, moja baada ya jingine. Shilingi 5,000. Kisha akamwambia, "Sasa tafuta barua ya uzoefu wa miaka mitatu."

Mama yake akatujia jioni. "Mwenyekiti, mhuri tu. Mtoto wenu huyu."

Tukaandika. Tuliandika kuwa amekuwa Afisa Utawala wa kikundi kwa miaka mitatu na amesimamia watumishi sita. Ndugu wageni, sisi hatukuwa na mtumishi hata mmoja. Ofisi yetu ilikuwa sanduku la bati lenye kufuli tatu, na usiku lililala uvunguni kwa Mweka Hazina. Tulisaini Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, tukapiga mhuri, tukacheka. Tulijiona tumemsaidia mtoto.

Kazi akapata. Siku ya tatu akapewa hesabu za likizo na malipo ya vibarua, azipange kwenye Excel. Hakuijua. Akawa anabaki ofisini mpaka usiku akijaribu, akiogopa kuuliza, maana aliyeandika anajua hawezi kuuliza. Siku ya tisa wakamwambia asirudi.

Kisha simu ikaita kwetu. Sauti ya mwanamke, ya upole kabisa. "Mama, ofisi yenu iko mtaa gani? Hao watumishi sita wanafanya kazi gani?" Tulianza kujibu, tukajikanyaga, tukanyamaza. Akasema ahsante, akakata.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa hayajaanza. Miezi michache baadaye binti mwingine wa kikundi, huyu Excel aliijua kweli na cheti anacho, aliomba kazi kwa jirani wa wale wale. Akatuandika sisi wadhamini. Wafanyabiashara wanazungumza, ninyi mnajua Kariakoo. Yule bwana alipoona mhuri wetu akaiweka barua pembeni. Akamwambia, "Mhuri huu tunaujua."

Binti yule hakufanya kosa lolote. Hakuomba tumdanganyie mtu. Alilipa deni ambalo tulilikopa sisi kwa jina lake. Mpaka leo ana meza yake ya vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey. Yuko hapa, amekaa nyuma pale na mwanawe. Mwanetu, tulikuja kwenu usiku tukakuomba radhi mbele ya mama yako. Leo tunakuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu jina lako liliharibiwa mbele ya watu. Tusamehe, mama.

Na yule wa kwanza naye alituambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema, "Mama zangu, mngekataa siku ile ningelia siku moja. Mlikubali, nimelia mwaka mzima."

TENGA LA NYANYA

Sisi watu wa soko hatuna haja ya kufundishwa na mtu wa mbali. Unamjua muuzaji anayepanga tenga: nyanya nzuri juu, zilizooza chini. Anauza mara moja. Mnunuzi akifika nyumbani akimimina, harudi tena, na anawatangazia wengine. Tulimkataza kila mtu kupanga tenga namna hiyo, kisha tukaipanga CV ya mtoto namna hiyo hiyo.

Siku hizi tunaambiwa wapo hata wanaoandika maneno ya tangazo kwa rangi nyeupe kwenye karatasi nyeupe, ili programu iyaone na binadamu asiyaone. Hizo ndizo nyanya za chini.

Na tusijidanganye kuwa ni jambo dogo. Tunaikumbuka Aprili 28, 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi, wanasomesha, wamejenga. Mwaka 2022 Serikali ilikubali warudishiwe michango yao waliyokatwa ya hifadhi ya jamii, lakini kazi ilikwisha kwenda. Na matangazo ya Sekretarieti yanasema wazi kuwa anayewasilisha taarifa na sifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

Wakati ule ule kuna watumishi wa darasa la saba kama sisi walioondolewa kwa kuwa hawakuwa na cheti cha nne. Mwaka 2018 Serikali iliamua kwamba walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe kazini. Tulilijadili hili kikundini tukaliona somo lake. Mtu wa darasa la saba aliyesema "mimi ni darasa la saba" alipata pa kusimama na kudai haki yake. Aliyeazima cheti cha nne hakupata.

TULIVYOREKEBISHA

Tulikaa kikao kizima juu ya jambo hili. Wengine walisema, "Mbona kila mtu anadanganya? Wa kwetu akisema kweli si ataachwa?" Ni swali la haki, na hatukulipuuza. Lakini mzee mmoja wa kikundi aliuliza swali lingine: "Kwani ule ukweli wenyewe mlishawahi kuuandika?"

Tukatazamana. Hatukuwahi. Tuliuruka ukweli kabla ya kuujaribu. Tukamwita binti, tukafungua madaftari yake ya miaka miwili mezani, tukaanza kuhesabu alichotufanyia.

Aliandika muhtasari wa kila mkutano, kila wiki. Huko ofisini kunaitwa kuandika mihtasari ya vikao. Alitunza daftari la hisa na mikopo la wanachama 31. Huko ni kutunza kumbukumbu za fedha. Kila mwezi alilinganisha fedha iliyomo sandukuni na iliyoandikwa daftarini. Huko ni kusuluhisha hesabu. Alituandikia barua za Serikali ya Mtaa na za Halmashauri, na nakala ya kila moja aliitia kwenye faili lake. Huko ni mawasiliano ya ofisi na utunzaji wa majalada. Na ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vyote kama vyetu vikatakiwa kusajiliwa, ni yeye aliyekusanya katiba, orodha ya wanachama na mihtasari, akatuandalia maombi.

Mnaona? Maneno ya tangazo mengi alikuwa nayo. Yalikuwa yamelala daftarini. Sisi tukamvika nguo ya kuazima wakati yake iko kabatini.

Akaandika upya. Cheo: mwandishi wa kumbukumbu wa kikundi, kwa kujitolea, 2017 hadi 2019. Kwenye Excel aliandika kwamba anaweza kuingiza takwimu na kujumlisha, na bado anajifunza. Kikundi kikamkopesha ada ya kozi ya kompyuta ya jioni. Tukampa barua mpya yenye yale yale, bila kuzidisha.

Hatutawaambia kwamba kazi ilikuja kesho yake. Aliomba mara saba akakosa. Ya nane ilikuwa mapokezi na mafaili ya wagonjwa katika zahanati moja ndogo. Kwenye usaili wakamuuliza kama amewahi kufanya kazi ofisi nyingine. Angeweza kunyamaza. Akasema, "Nilifanya siku tisa. Niliandika ninachokijua na nisichokijua, wakaniondoa." Anasema yule daktari alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza anaweza kuanza lini. Mshahara ulikuwa mdogo, mdogo kweli. Lakini yuko pale tangu Januari 2021, na leo mafaili yote ya zahanati yako mikononi mwake.

TUNAYOWAASA WATOTO WETU

Kwanza, soma tangazo mara tatu. Pigia mstari kila sifa. Kisha jiulize kwa kila moja: nimewahi kuifanya wapi, lini, na nani aliniona? Ukiwa na jibu, tumia neno lile lile la tangazo. Huo si ujanja, ni kuzungumza lugha ya anayekusikiliza. Ukiwa huna jibu, neno hilo si lako, liache.

Pili, usidharau kazi ya sokoni. Binti anayetoa risiti za mashine ya EFD, anayehesabu mali kila jioni, anayeandika ankara na kupokea mizigo, ana uzoefu. Wengi mnaandika "nilikuwa namsaidia mama dukani" mnaishia hapo. Kujipunja nako si ukweli. Andika ulichofanya, na idadi yake.

Tatu, pima maneno ya ujuzi. "Naijua Excel" na "najifunza Excel" ni maneno mawili tofauti. Andika lile ambalo ukipewa kompyuta saa hiyo hiyo utaweza kulionyesha.

Nne, mdhamini aambiwe kabla. Mpe nakala ya ulichoandika. Simu ikimkuta hajui, anaweza kukuponza bila kukusudia.

Tano, CV usiiachie steshenari. Kijana atakuchapia, lakini hatakwenda kazini kwa niaba yako. Kaa naye, soma kila mstari kabla ya kulipa.

Sita, anayekudai fedha akupatie kazi, mkimbie.

OMBI LETU KWA MAJIRANI

Majirani zetu wenye maduka, tunawaomba jambo lisilo na gharama. Mabinti na vijana wetu wanafanya kazi kwenu mwaka, miaka miwili, wanaondoka mikono mitupu. Hakuna hata karatasi ya kusema walikuwepo. Kisha tunashangaa wakitafuta karatasi ya uongo. Tafadhali, mtoto akimaliza kwako kwa wema, mwandikie barua. Mistari mitano inatosha: jina, tarehe alizoanza na kuisha, kazi aliyofanya, na simu yako. Barua ya kweli yenye mistari mitano ingemwokoa binti yetu kuliko ile yetu yenye uongo wa ukurasa mzima.

Wenye ofisi nao, tunaomba mtupokelee hata mmoja mmoja kwa mazoezi ya miezi mitatu. Nauli tutajadiliana, mfuko wa jamii wa kikundi upo.

Na sisi wanachama, katiba yetu tangu 2019 ina kifungu kimoja kipya. Mhuri wa kikundi haupigwi kwenye barua ya mtu mpaka isomwe kwenye mkutano kwa sauti, mbele ya wote, na daftari liwe wazi mezani. Wapo waliotununia kwa ajili ya kifungu hicho. Wapo waliojitoa wawili. Tuliumia, lakini hatukukibadilisha. Sasa hivi kuna makampuni mawili mtaani yanayotupigia simu yenyewe kuuliza kama tuna binti wa ofisi. Ni mawili tu, lakini mwaka 2020 hapakuwa na hata moja.

Binti yetu wa Mtaa wa Aggrey, barua yako ilisomwa mkutanoni Alhamisi iliyopita. Hakuna aliyepinga neno hata moja. Iko hapa kwenye bahasha, ina mhuri. Ukitaka kuitumia, itumie. Ukiona meza yako inakutosha, itunze tu, ni haki yako tuliyochelewa kukupa.

Tumesema mengi, na pilau linapoa. 

Kikundi oyee! Akina mama oyee!